Kifungu cha Saba

Mwezi wa pili, theluji imepanda hadi kwenye vioo vya ofisi.
Mimi ni karani wa mishahara, kiwanda cha mbao cha Lavigne,
kaskazini mwa New Brunswick, mji wa kanisa moja na taa mbili za barabarani.
Nimeletewa karatasi niichape upya.
"Ni kubadili tarakimu tu, Ghislaine," kasema meneja,
amesimama mlangoni, anapangusa miwani kwa tai.
"Futa ishirini na sita. Andika nane."

Ishirini na sita zilikuwa wiki.
Mshahara kamili, kwa aliyeugua akalala.
Sasa nane; kisha nusu;
kisha lile neno "itaangaliwa", ambalo nalijua vizuri:
nimelichapa miaka kumi na tisa
na sijaona bado lilichokiangalia.

Nafuta. Kwenye kompyuta
mbili na sita haziachi hata vumbi.
Msonobari ukianguka, msitu mzima husikia.
Tarakimu huangushwa kwa kidole kimoja
na hakuna anayegeuka.

Namfikiria Odilon Robichaud wa msumeno mkubwa,
figo zake zimechoka kabla yake.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mkewe Zélie humpeleka Bathurst,
mwendo wa saa nzima barafu ikiwa na adabu,
mashine imfulie damu kama shuka,
kisha humrudisha, rangi ya majivu, kofia hadi kwenye nyusi.
Yuko wiki ya kumi na moja.
Nimehesabu kwa kalenda, kisha kwa vidole,
labda vidole vingekuwa na huruma zaidi.

Kumi na moja toa nane.
Hizo tatu atadaiwa? Zitakatwa wapi?
Kwenye mafuta ya kupashia nyumba? Kwenye petroli ya Bathurst?
Mgonjwa haulizwi uji, walisema waliotutangulia.
Nasi hatumuulizi:
tunaupima uji, tunaupitisha kikaoni,
tunaupiga muhuri.

Nilitaka kukasirika vizuri, kama wanavyokasirika hadithini:
nitupe karatasi, nivae koti, nibamize mlango.
Lakini nina mkopo wa nyumba, na mama, na goti hili.
Na meneja si mtu mbaya. Hapo ndipo penye tabu.
Mwaka ule wa mafuriko yeye ndiye aliyelala, moyo,
wiki ishirini na tatu.
Nilimlipa mimi, kila Alhamisi, bila kupungua senti.
Akaniletea kadi yenye ndege mwekundu.
Bado iko kwenye droo, chini ya stepla.

Sikuitoa kadi.
Niliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia wino wa printa:
"Na walio wagonjwa tayari?"

Kimya. Nje, lori la magogo lilikuwa likirudi nyuma,
likilia, likilia, kama lenyewe ndilo lililoulizwa.
Akatafuta miwani iliyokuwa mkononi mwake.
"Tuseme hao wamalizie ya zamani."
"Niandike?"
"Haya. Andika."

Niliandika mbio, kabla ulimi wake haujageuka:
*Sera hii haitamgusa mfanyakazi aliyekwisha kuugua kabla ya tarehe mosi Machi.*
Maneno kumi na moja. Nayo nimeyahesabu.

Si kitu. Najua si kitu.
Atakayeugua Aprili atakuta nane zake mezani, zimepoa.
Chama kitalalamika, barua itajibiwa,
nami nitalichapa lile jibu,
nitalichapa vizuri, bila kosa la herufi.

Ijumaa gari la Zélie lilipita mbele ya dirisha,
taa zikiwaka mchana kweupe.
Hakupiga honi. Kwa nini apige?
Nikajipapasa ubavuni, pale figo zinapokaa,
nikahesabu siku zilizobaki kabla ya Machi.