Milimita Moja

Gome la mjafari lina vinundu vya miiba,
ngozi iliyokataa kupapaswa.
Syombua wa Muthurwa hulivunjia gotini,
hukutafunisha kwanza, ndipo ataje bei:
"Ulimi ukifa ganzi, lipa. Usipokufa, nenda zako."
Ulimi wangu ulikufa ganzi. Nikalipa mia tatu,
na risiti nikajiandikia mwenyewe,
maana mhasibu wa chuo haamini ulimi.

Chiromo, ghorofa ya pili. Dirisha latazama mto
ambao hatuuchoti hata kwa kuoshea chupa.
Nilianika gome kivulini siku kumi na moja
(jua ni mwizi, harufu ndiyo hutoroka kwanza),
nikalisaga, nikalipima, nikalipa namba:
MJ-04.
Nikalilaza kwenye methanoli siku tatu,
nikachuja, nikakausha, ikabaki nta nyeusi
chini ya chupa, gramu mbili na kitu,
inanata kama deni.

Kisha sahani. Agari imetulia, uji wa mgonjwa,
bakteria nimewapaka juu,
na viduara vya karatasi vilivyolowa dawa,
upana milimita sita, nimevipanga kama kete.
Usiku stima ikapotea mji mzima.
Nilikaa gizani nikikilinda kiatamizi,
nikakivika koti langu,
kama anayelalia mayai asiyoyataga.

Asubuhi walikuwa wamejaa tele,
wamefika hadi ukingoni mwa karatasi,
wameiegemea dawa ya Syombua
kama vijana wa mjengo wanaoegemea ukuta
wakingoja jina liitwe.
Nikaandika sifuri.
Nikarudia mara tatu, kama kanuni itakavyo.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Haikunipasa kwenda kumwambia.
Hakuna fomu inayodai hivyo.
Lakini Ijumaa ilinikuta Muthurwa,
tope la Aprili hadi vifundoni, mbele ya gunia lake,
nayazungusha maneno: "Mama, yale matokeo..."
Akanikata. "Ulilipikaje?"
Nikamweleza methanoli.
Alicheka hadi muuza omena wa pili akageuka.
"Ati spiriti! Nani hunywa spiriti kifua kikimbana?
Daktari wa unga wewe!
Mimi huchemsha na mfupa wa mbuzi,
tangu adhana ya alfajiri hadi watoto watoke shule,
na mafuta siyaengui. Mafuta ndiyo huibeba."

Mafuta ndiyo huibeba.
Niliondoka na sentensi hiyo
kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko noti yake.

Jumatatu nikapanda na sufuria na mfupa wa Burma.
Kufikia saa nne ghorofa nzima yanuka supu.
Profesa Ombachi alifungua mlango, akavuta pumzi,
akaufunga bila neno.
Saa saba alirudi na kikombe,
akauliza kama ipo isiyo na dawa.

Sahani ya nne, saa ishirini na nne baadaye:
duara.
Hafifu, mvuke wa pumzi kwenye kioo.
Nililipima kwa rula, kisha kwa lenzi,
kisha kwa kumwita Ombachi.
Saba.
Ukitoa karatasi yenyewe, sita,
imebaki moja.
"Hii ni kelele," akasema, "si matokeo."
Akainamia sahani kwa muda mrefu kuliko kelele inavyostahili.
"Na mfupa peke yake, bila gome? Umeupima?"
Sikuwa nimeupima.

Jioni nikampigia Syombua. "Moja," nikamwambia.
"Moja ya nini?"
"Milimita. Unene wa ukucha."
Alikaa kimya; nikasikia akimpunja mtu bei ya mwarobaini,
nikasikia mvua ikianza juu ya turubai lake.
"Basi," akasema, "ongeza mfupa."

Kesho naenda Burma.
Mifupa miwili:
mmoja wa Profesa, usiojua dawa,
mmoja wa Syombua.
Mhasibu ataniuliza.