Kutoa Upepo

Nilijaribu peke yangu kwanza. Nikaikaza pedali
kwa mpini wa fagio uliobanwa na kiti,
nikakimbia kulala kando ya ekseli ya nyuma,
na nilipolegeza skrubu fagio likateleza,
gari likavuta upepo mpya juu ya ule wa zamani.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Nikanawa mikono, nikagonga kwa Bi. Prytherch.

Huyu ndiye aliyenishtaki halmashauri kwa barua tatu:
moja kuhusu ekzosi, moja kuhusu saa ninazorudi,
ya tatu kuhusu rangi, eti nyekundu ile
haifai Bethesda, mji wa mapaa ya mawe ya kijivu.
Miaka sita tunasalimiana kwa kidevu.

"Unataka nini hasa?"
"Mguu wako," nikasema. "Wa kulia. Nusu saa."

Akaja na mto wa kukalia, viatu vya kanisani mkononi.
Mazda ya mwaka tisini na moja iko juu ya stendi nne,
magurudumu yamelazwa kwenye nyasi zenye maji.
Chupa ya jemu. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani.
Spana namba nane. Tunaanza kushoto nyuma,
mbali kabisa na kopo la mafuta.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
"Nashikilia, mimi si mtoto."

Robo mzunguko. Mafuta yakatoka rangi ya chai ya jana,
na ndani yake viputo, vidogo, vya haya,
vikipanda mpira kimojakimoja.
"Imezama!" akapiga kelele. "Imezama mpaka chini!"
"Ndivyo inavyotakiwa. Usiachie."
Nikafunga. "Haya, sasa achia."

Ilinijia nikiwa chali, tone la mafuta shavuni,
kwamba miaka sita mama huyu ametamani kulisimamisha gari hili
na leo nimemkabidhi breki.
Nilicheka, nikasingizia kikohozi.

Kwenye gurudumu la pili, nilipokuwa naongeza mafuta mapya
(kopo likikauka unarudi mwanzo kabisa),
akauliza kutoka kitini, polepole:
"Na upepo ukibaki?"
"Pedali inalegea. Unakuwa kama unakanyaga tope."

Kimya.
Kupitia mlango ulio wazi niliona kisigino chake tu,
soksi ya sufu, imetobolewa na kuzibwa.

"Emrys naye alisema tope," akasema.

Lori la machimbo. Ile kona chini ya kanisa,
ambayo mimi huikata kila Jumamosi usiku
kwa gia ya tatu, paa limefunguliwa.
Hakuongeza neno, nami sikulitafuta.

"Rudia lile la kwanza."
"Lilikuwa safi."
"Rudia."

Tukarudia. Tukarudia yote manne,
yeye akihesabu kwa Kiwelisi, mimi nikifungua na kufunga,
hadi sikujua tena nani anamwamuru nani,
hadi mpira ukapitisha mafuta matupu, uzi wa asali usiokatika,
na pedali ikagoma juu, ngumu kama kizingiti.

Akavaa viatu. Akaukung'uta mto.
"Barua ya nne nimeshaiposti," akasema.
"Hiyo siwezi kuirudisha."
Nikamwomba tuzunguke naye kidogo; akanitazama
kama niliyemwalika kwenye dansi.
"Ila wewe ukifika chini, ukishaipita ile kona,
piga honi nikusikie. Mara moja tu. Sitaki fujo."

Nilishuka kwa gia ya pili. Nilikanyaga mapema, mapema mno,
gari likainamisha pua, likatii.
Mawe ya ukuta wa kanisa yakapita moja moja, nayaona hata ukungu wake.

Saa tisa na robo, Jumapili, mtaa mzima umelala.
Nikapiga.