Bado

Mafuta ya nazi yameganda chupani tangu Jumatatu.
Naipasha chupa kwapani kabla ya kumpaka Nyemo,
na bado Chiloje anasema: bado.

Bado, maana Juni haijafika kati.
Bado, maana gunia la mkaa tulilonunua kwa Mama Senyagwa
lilikuwa chenga na vumbi chini, na juu
vipande vinne vikubwa vya kututia moyo.
Bado, maana mwaka jana tuliwahi kuwasha,
na Julai yenyewe ilipokuja, na upepo wake
unaopita chini ya mlango kama mtu mwenye ufunguo,
tulikuwa tunapikia maranda ya seremala.

Kwa hiyo kila jioni hapa Nkuhungu tunaamua upya.
Yeye anatoka, anasimama uani mikono kiunoni,
ananusa hewa kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.
Anarudi. Anavuta kamasi. "Hii si baridi."
Halafu anavaa soksi juu ya soksi,
anachukua tochi na rungu, anakwenda lindo Mtumba,
kulinda jengo ambalo halijatiwa hata madirisha.

Mimi nina vipimo vyangu.
Bati: usiku likipoa linagonga, ko, ko,
kama mdai asiye na haya.
Magoti ya mama mkwe: yakianza kulia kabla ya adhana ya magharibi.
Na majirani. Kwa akina Mbijima wekundu wa jiko
unaonekana chini ya pazia tangu Ijumaa,
na asubuhi mkewe ananisalimia
kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Handali
na blanketi moja na kuku wawili,
haelewi mjadala wetu.
"Muwashe lini?" anauliza. "Kwani ulizimika lini?"
Katika tembe lao moto haukuwa na tarehe.
Ulifukiwa majivuni usiku, ukafukuliwa alfajiri,
na upande wa pili wa ukuta ndama walihema,
wakaupasha udongo bila kudai senti.
"Nyie mmejenga nyumba ndefu," anasema, akilitazama bati,
"mkaiweka baridi mahali pa ng'ombe."
Sina jibu. Namwongezea uji wa uwele.

Jana alfajiri Chiloje alirudi,
akajaribu kufungua vifungo vya koti, akashindwa.
Vidole vyake vilikuwa kama vya kuazima.
Nikamfungulia kimyakimya, kimoja baada ya kingine, vyote vitano.
Huko lindoni hamkoki moto? nikamuuliza. Si mbao zimejaa?
"Za watu," akasema.

Leo sikuuliza.
Saa kumi usiku nimetoka uani na jiko,
nimelipepea kwa mfuniko wa ndoo mpaka moshi ukaisha,
mpaka ndimi za bluu zikachoka
yakabaki makaa mekundu matupu.
Nimeacha dirisha wazi kiganja kizima. Hilo halina mjadala:
mkaa haupigi kelele unapoiba pumzi za watu.
Ndipo nikaliingiza, nikaliweka mbele ya kiti chake.
Mama mkwe akayageuza magoti kulielekea, kama alizeti.
Chupa ya mafuta nayo nikaisogeza.
Weupe ukaanza kulegea pembeni,
katikati kikabaki kisiwa kidogo, kinaelea.

Chiloje akaingia. Akasimama.
Akayahesabu makaa, nikaiona midomo yake ikihesabu.
"Umewasha mapema," akasema.
"Nimechelewa," nikasema.
Akavuta kiti. Mbele kidogo.
Akavua soksi za juu.
Akafikiri.
Akavua na za ndani.