Soksi ya Nne

Nilikuja kushika tochi tu.
Gereji ya kupanga, Foleshill, nyuma ya duka la mazulia,
mlango wa bati usiofunga sawasawa,
Januari inapenyeza vidole chini yake.
Kaka yangu Bwanakheri kavaa kofia mbili,
kichwa kimezama chini ya boneti
kama mtu anayesikiliza kisima.

Gari la fedha, la Kijapani, umri wake sawa na wa mwanawe,
lina turbo ambayo mtaa mzima Coventry unaijua kwa mluzi.
Manifoldi yake ya plastiki imepata ufa
mwembamba kuliko unywele.
Hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu inatorokea hapo,
gari linakohoa kila likipanda daraja la barabara ya mzunguko.
Mpya iko mezani, ya aluminiamu,
kainunua kwa mtu wa Walsall
kwa pesa ambazo mkewe ametajiwa nusu yake.

Tukafungua.
Mipira midogo ya hewa, kila mmoja
nikaubandika plasta na kuuandika namba.
Akanicheka: "Dada, huyu si mgonjwa."
Injekta zikatoka zikidondosha petroli.
Bolti ya mwisho imejificha nyuma kabisa,
mahali ambapo aliyeunda gari hili
hakutarajia binadamu afike.
Mkono wake haukupita. Wangu ukapita.
Nikaifungua kwa kupapasa, macho nimefumba,
robo mzunguko, robo mzunguko,
kama ninavyoutafuta mshipa wa mzee aliyekaukiwa maji.

Manifoldi ilipoinuka
tukaona vinywa vinne, vyeusi, wazi.
Akachomeka soksi katika kila kimoja,
maana nati moja ikidondoka humo
injini imekwisha.
"Soksi za nani?"
"Za Nyange, alipokuwa mdogo.
Sasa hazimtoshi hata dole gumba."

Saa tano usiku. Gasketi mpya, bolti kumi,
spana ya kipimo ikisema tak kwa kila moja,
injekta, mipira, namba moja hadi kumi na nne.
Bwanakheri akashika ufunguo.
Mimi nikatazama mezani.
Soksi ya njano. Ya njano. Ya mistari.

"Subiri."
"Nini tena?"
"Hesabu."

Kazini kwangu, kabla tumbo halijafungwa,
tunahesabu shashi kwa sauti, watu wawili,
na mpasuaji, hata akiwa anawahi treni,
anasimama, sindano hewani.
Nimewahi kumwona mmoja akilia
kwa sababu ya kumi na tisa.
Nikamweleza. Akaniangalia, akaiangalia spana,
akatukana kwa Kidigo,
lugha anayoiwekea akiba mambo mazito.

Tukafungua tena. Zote kumi.
Na ile ya nyuma. Robo mzunguko.
Silinda ya tatu: ncha ya mstari mwekundu.
Nikaivuta kwa koleo, polepole,
ikatoka ndefu kuliko nilivyodhani,
imelowa, inanuka, nzima.
Malcolm wa gereji ya pili,
aliyekuja kulalamikia kelele ambazo bado hatujapiga,
akasema yeye aliwahi kuua injini kwa kitambaa kimoja,
akaenda kuchemsha chai.

Saa nane na robo likawaka.
Halikunguruma. Lilivuta pumzi kwanza,
likafikiri kidogo,
kisha ule mluzi, juu, safi, bila kikohozi.
Bwanakheri hakunishukuru. Alinirushia ufunguo:
"Endesha wewe."
Barabara tupu, taa za rangi ya chungwa, barafu ukingoni,
na pale penye daraja gari likanisukuma mgongoni
kama wifi aliyechelewa harusi.
Nilicheka peke yangu, mdomo wazi.

Jumatatu, zamu ya asubuhi,
nimesugua mikono mara tatu, nimevaa glavu,
daktari bado ananusa hewa:
"Nani huyu ananuka petroli?"

"Kumi," nikasema.
"Kumi," akajibu wa pili.

Tukafunga.