Jino Moja

Huku Ndosho pikipiki tunaiita moto,
na usiku huu moto wa Katembo umezimika mbele yangu,
vipandevipande juu ya gunia la simenti,
boliti zimelala kwa zamu zilivyofunguliwa
kama watoto wa nyumba moja kwenye mkeka mmoja.

Saa kumi alfajiri anatakiwa Majengo
kubeba mikate ya Mama Kavugho.
Amekalia jiwe la volkano, kofia magotini.
Haulizi.
Angeuliza, ningemjibu vibaya.

Wiki jana nilimfungia Hangi injini yake.
Nilikosea jino moja, moja tu,
katika gia ya kamshafti yenye meno thelathini na kitu.
Ikawaka. Nikapokea pesa.
Siku ya tatu akairudisha akiisukuma,
imegoma kupanda Kibati na magunia mawili ya makaa,
akasema kwa upole: fundi, imezeeka ghafla.

Hakuna kilichovunjika. Hilo ndilo lililoniuma.
Jino lililooza hung'olewa, likasahaulika;
jino lililokaa kwenye nafasi ya jirani yake
hukesha nawe, na shavu halivimbi.

Basi leo sina haraka na mtu.
Taa ya simu nimeiuma mdomoni, mate yananitiririka.
Nageuza sumaku kwa spana, kidogo, kidogo tena,
hadi herufi T isimame kwenye ufa wake.
Juu, nukta mbili za gia zilale sambamba na ukingo wa kichwa.
Nimezipaka rangi ya kucha, nyekundu,
kutoka kichupa alichoniachia Masika
alipohamia Butembo na spana zake zote.
Yeye ndiye aliyenifunza. Hakuwa na maneno mengi:
"Jicho lililochoka lina adabu, linakubali kila kitu.
Zungusha."

Cheni upande wa mbele naikaza kwanza,
ulegevu wote naupeleka nyuma
kwa kikaza cheni, aumeze.
Wiki jana niliuacha mbele;
kikaza kilipobana, cheni iliiba jino
huku mimi nikifuta mikono na kupiga mluzi.

Nazungusha. Mzunguko mmoja. T inafika.
Natazama juu: nukta nyekundu hazipo.
Zimegeukia kule, zimenipa kisogo.
Katembo anasimama. Ameusikia ukimya wangu.

Pumua, we mjinga.
Ekseli ya chini huzunguka mara mbili
ndipo ya juu imalize mara moja.
Mgeni yuleyule hupita mlangoni mara mbili,
mara moja ndiyo anabisha.
Alama ya chini haisemi uongo. Husema nusu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini nakiweka kwenye tundu la plagi
na mkono wa pili unazungusha,
na hapo, chini ya ngozi iliyokauka kwa petroli,
pumzi inajaa, inasukuma,
inakiinua kidole kama mtoto anayekataa kufunikwa blanketi.
T inaingia kwenye ufa.
Nukta mbili zinapanda, zinalala sambamba na ukingo.
Zungusha tena, Masika asingeridhika.
Nazungusha tena. Na tena.

Saa tisa na robo. Kiki ya kwanza, kikohozi.
Ya pili, hakuna kitu, na mbwa wa jirani anatucheka.
Ya tatu inashika
na kutulia, tu-tu-tu-tu, kama haikuwahi kufunguliwa.

Katembo havai kofia. Anauliza bei,
analipa nusu, nusu baada ya mikate.
Namfuata kwa sikio barabarani, gia ya pili, ya tatu,
hata mlio wake ukapotea upande wa Birere,
mwembamba, sawasawa, bila jino hata moja linalouma.

Chini ya turubai imebaki ile ya Hangi.
Kukikucha nitampigia simu.
Nitamwambia haijazeeka.
Nitamwambia ni mimi.