Kitanda cha Tatu

Baba alikuwa seremala Volos, nyuma ya stesheni,
na mimi bintiye nisiyejua kushika randa.
Nilipopata nafasi ya chuo aliuliza nitasoma nini.
Falsafa, nikasema. Akapuliza maranda mkononi.
"Basi ukirudi uniambie wamegundua nini."

Wamegundua kwamba kitanda ni vitatu.
Profesa Harisiadi alituchorea ubaoni:
kimoja kiko kwa Mungu, hakina kunguni wala mchago,
ndicho kitanda chenyewe;
cha pili hukiunda seremala akichungulia kile cha kwanza;
cha tatu ni cha mchoraji, na mtunzi, na kila mwigaji,
kivuli cha kivuli,
na juu yake hajapata kulala mtu.
Kwa hiyo, alisema yule mzee wa kale,
watunzi tuwapake manukato, tuwavike taji la sufu,
tuwasindikize kwa heshima hadi nje ya lango la mji.

Nilicheka na wenzangu. Usiku sikulala.
Mtu alikuwa amempandisha baba yangu cheo
na kunishusha mimi kwa sentensi hiyo hiyo.

Maana nilikuwa nimeshaanza kuandika.
Visa vifupi, kurasa tatu, nne.
Riwaya sikuiweza: nililelewa kwenye vipimo.
Na yupo yule mwanafunzi wa mzee, aliyembishia kwa upole,
aliyeona kwamba mnyama wa maili elfu hawezi kuwa mzuri,
jicho likifika mkiani limeshasahau masikio.
Nilimpenda kwa hilo tu.

Basi nikaandika kitanda cha mama.
Mbao za mberoshi, mifumbati minene,
mchago uliochongwa komamanga,
na tendegu moja fupi, lile la upande wa dirisha,
hata mgonjwa akigeuka usiku kitanda kinasema ko.
Nikamfanya mgonjwa aombe maji.
Nikamfanya mume arudi na bilauri, amechelewa
kwa muda wa kupanda ngazi saba.
Hapo nikakata. Kurasa tatu na nusu.

Nilimsomea baba jikoni, Jumapili,
redio imezimwa, dengu zinachemka.
Alinikatiza mstari wa nne.
"Tendegu halikuwa fupi."
"Baba, ni kisa."
"Kisa, sawa. Lakini halikuwa fupi. Nilipima mara mbili.
Sakafu ndiyo iliyokwenda upande tangu lile tetemeko.
Watu watasoma waseme Anestis hajui kupima."

Huyo hapo mzee wa kale, nikawaza,
amevaa aproni ya baba yangu:
mwigaji hakijui anachokiiga.
Nikaendelea, sauti imepungua.
Maji. Ngazi. Bilauri.

Baba akainuka kukoroga dengu zisizohitaji kukorogwa.
Muda mrefu. Mwiko ukigonga sufuria.
"Hakuomba maji," akasema, amenipa mgongo.
"Hakuomba kitu. Mimi ndiye niliyengoja aombe."
Kisha: "Soma tena pale penye ngazi."

Nikasoma tena pale penye ngazi.

Sijui kama huko ndiko kutakasika
wanakobishania wataalamu karne zote hizi,
hofu na huruma zikitoka kama usaha kwenye jipu.
Ninachojua, dengu ziliungua.
Tulizila hivyo hivyo.

Asubuhi alikuwa ameshakwenda karakana.
Kisa changu hakikuwa mezani.
Nilikikuta chumbani kwake,
kimekunjwa mara nne,
kimebanwa chini ya tendegu la upande wa dirisha,
na juu ya mfumbati ameacha pimamaji,
kiputo kimetulia katikati.

Nikalala pale alipolala mama. Nikageuka.
Kimya.

Nakala nyingine sina.
Sijamwomba.