Dirisha la Tano

Tulikuwa makarani thelathini na wawili.
Sasa tuko kumi na tisa, ukimhesabu Fiachra
ambaye mgongo umemlaza nyumbani tangu Pasaka
lakini jina lake bado limo kwenye zamu,
na kiti chake tumekitundika makoti.

Wakubwa wa Dublin wametuletea mtambo mpya.
Ni mzuri, sina ubishi nao:
huchapa vitabu elfu moja kabla ya chai ya saa nne,
hubandika kinubi cha dhahabu kwenye kila jalada
bila kukohoa, bila kuomba ruhusa ya mazishi.
Ila haujui kusoma uso.
Unanisubiri mimi, nami nasubiri simu
ya yule polisi wa Macroom aliyetia saini nyuma ya picha,
na polisi wa Macroom yuko likizo Ureno
kwa pasipoti niliyompitishia mwenyewe mwezi Februari.

Hapo ndipo foleni inapozaliwa.
Haianzii mlangoni, wanakopiga picha watu wa magazeti.
Inaanzia hapa,
kati ya kidole changu na kitufe.

Watoto wachanga ndio hutukwamisha kuliko wote.
Kinywa kifungwe, sheria inasema. Macho yawe wazi.
Mkono wa mama usionekane.
Aliyeyaandika haya, aliwahi kumpakata mtoto wa wiki tatu?
Mara mbili niliirudisha picha ya Sadhbh Twomey wa Bantry.
Mara ya tatu alikuja amekunja ngumi, macho kayakodoa
kama shahidi kizimbani.
Nikampitisha. Nilimwogopa.

Juzi mzee mmoja, Bwana Cornelius Hurley,
aliweka kofia yake juu ya kaunta akasema
kaka yake anazikwa Perth siku ya Alhamisi.
Ilikuwa Jumatatu.
Nikamwambia: siku kumi za kazi.
Hakufoka. Wanaofoka nimewazoea, huwa nawapisha kama mvua.
Aliniuliza tu, kwa sauti ya kanisani,
"Mko wangapi humo ndani?"
Idadi yetu ni siri ya ofisi, kwa hiyo sikusema neno:
nilifungua viganja vyote viwili, nikavifumba,
nikavifungua tena, kidole gumba kimoja nimekikunja.
Akahesabu. Akavaa kofia.

Usiku ule Dervla alibaki hadi saa tatu, bila malipo ya ziada.
Jumanne kabla ya adhuhuri kitabu kikatoka kingali na joto.
Sijui kama mzee aliwahi.
Najua kwamba ripoti ya mwezi imeandika
*uwezo wa kuhudumia umeongezeka*,
na hakuna safu iliyoandikwa Dervla.

Leo, katikati ya rundo, nimejiona.

Uso wangu, umenuna kama nilivyowaamuru maelfu wanune.
Gobnait Ní Laoire, miaka hamsini na minane.
Sababu ya safari: mjukuu, Halifax,
ambaye hadi sasa namjua kwa kioo cha simu,
ana meno mawili na mimi sikuwapo kwa hata moja.
Wiki ya sita ndani ya rundo.

Kinyozi hajinyoi.
Kwetu hapa akijinyoa hajikati tu, hufukuzwa.
Lakini ni karatasi, na karatasi ni nyepesi,
na waliokuwa juu yangu ni mia tatu na kumi na mmoja,
unene wa kiganja kimoja, si zaidi.
Hakuna aliyekuwa akinitazama. Fiachra ni makoti.

Nimelirudisha faili mahali pake.
Nimezinyoosha pembe za rundo kwa ubao wa mkono,
nikachungulia mara ya mwisho:
sikio la kushoto limefunikwa kidogo na nywele.

Ningekuwa mimi, ningeirudisha.